Aliyenenepa tena asianzie pale alipoishia

Ndugu Mhariri,

Picha za "kabla" na "baada" wasomaji wamezizoea: kushoto mtu na kitambi chake, kulia mtu yuleyule suruali inampwaya. Picha ya tatu, ya miaka miwili baadaye kitambi kikiwa kimerudi, haichapishwi. Tunaomba nafasi tuizungumzie hiyo, maana wenye picha ya tatu ndio wanaojaa viwanjani na kwenye jimu za Dodoma kila Januari, na kufika Machi hawaonekani tena.

Tuanze na lawama. Anayenenepa tena huitwa mvivu, na mwenyewe hukubali. Lakini mwili una hesabu zake. Ukishapungua unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mkubwa, na juu ya hapo unabana matumizi. Homoni ya njaa inapanda, ya kushiba inashuka. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha vipimo vya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano sehemu kubwa ya uzito ulikuwa umerudi, na bado miili yao ilipopumzika ilitumia nishati iliyopungua kwa kilokalori 500 hivi kwa siku, ukilinganisha na ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Hicho ni kiasi cha mlo mmoja. Walipungua kwa kasi kali mno, kwa hiyo si kila mtu atabanwa kiasi hicho, lakini mwelekeo ni huohuo.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuanzia pale walipoishia. Mtu mwaka juzi alikuwa anakimbia kilomita 8. Leo ana kilo 10 zaidi, anavaa raba na kuzianza zilezile 8. Pumzi hurudi upesi, baada ya wiki chache unajiona mzima. Kano na mifupa huchelewa. Na goti linabeba kuliko mizani inavyosema: kila kilo moja ya mwili ni kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, kwa hiyo kilo 10 zilizorudi ni 40. Wiki ya pili ugoko unauma, au kisigino kinachoma hatua za kwanza ukishuka kitandani. Wiki ya tatu mtu yuko nyumbani, na chipsi zimerudi. Jogging ya Jumamosi ina raha zake, nyimbo na urafiki, ila kasi yake hupangwa na walio fiti, na kukimbia kilomita 10 mara moja kwa wiki kisha kukaa siku sita si mpango kwa mtu wa namna hii.

Wiki mbili za kwanza atembee tu, dakika 20, siku tano. Kasi iwe ile ambayo unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kumwimbia. Wiki ya tatu na ya nne ziwe dakika 30. Kuanzia wiki ya tano, kama hakuna kiungo kinachouma, akimbie taratibu dakika moja na kutembea mbili, mara nane. Baada ya hapo kila wiki aongeze kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya dakika zote. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki. Anayetaka uzito usirudi tena alenge 200 na kuendelea.

Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, afanye mazoezi ya nguvu. Hapa ndipo wengi, hasa akina mama, wanaporuka wakihofia kuwa na mabega ya kiume. Ukipunguza mwili kwa kujinyima, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Zikirudi, mara nyingi yanarudi mafuta zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kilo zilezile za zamani na gauni lisifunge. Vyuma si lazima. Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Pushapu za ukutani, zikiwa rahisi hamia ukingo wa meza imara, kisha chini. Ndoo ya lita 10 ikijaa maji ni kilo 10: iname mgongo ukiwa umenyooka, ivute mpaka usawa wa kitovu, mara 8 kila mkono. Ikikushinda, tumia dumu la lita 5. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Maumivu makali ya upande mmoja wa kiungo, au goti linalovimba, ni ishara ya kusimama.

Dodoma nayo ina masharti yake. Oktoba na Novemba jua halisubiri. Saa 12 asubuhi uwe umeshatoka, saa 2 uwe umemaliza. Juni hadi Agosti asubuhi kuna baridi na upepo wa vumbi, kwa hiyo dakika tano za mwanzo tembea polepole. Njia ya udongo ulioshindiliwa ni bora kwa ugoko kuliko lami. Raba za mtumba zikague kabla ya kulipa: bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imekwisha, weka kiatu juu ya meza, kikiegemea upande mmoja kiache.

Wanaokimbia juani na koti la mvua au nailoni tumboni "ili mafuta yayeyuke" wanapoteza maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi na glasi za kwanza za maji. Kinachobaki ni hatari ya kuzidiwa na joto. Chai za kupunguza mwili, nyingi zina majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Zinatoa choo, maji na madini ya potasiamu. Mafuta yanabaki palepale.

Sasa chakula, ambako ndiko kilo zinakotoka kweli. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa anatumia kilokalori 140 hivi. Soda moja ya mililita 350 inazirudisha zote. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kama 120, na hapa kwetu kuna dhana inayohitaji kusahihishwa: mafuta ya alizeti, ya Singida au ya Kibaigwa, ni mazuri kwa moyo, lakini yana kilokalori sawa na mafuta mengine yoyote. Anayemimina kutoka kwenye dumu kwa macho anaweza kuweka vijiko sita akidhani ni viwili. Apime kwa kijiko wiki moja, ashangae mwenyewe.

Ugali wa uwele au mtama una nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe na hushibisha muda mrefu, ila unga ni unga: gramu 100 ni karibu kilokalori 350. Usipewe mlima wake kwa sababu ni wa asili. Nusu ya sahani iwe mboga, na mlenda ni mboga bora kabisa, mradi karanga ziwe kijiko na si kikombe, kwa kuwa gramu 100 za karanga zinapita kilokalori 550. Mwenye presha apunguze magadi humo, nayo ina sodiamu kama chumvi. Robo ya sahani iwe maharage, dagaa, mayai au nyama isiyo na mafuta; hizi hulinda misuli na kutuliza njaa. Zabibu mbichi kula. Zilizokaushwa zihesabu, maji yametoka sukari imebaki.

Akipunguza kilokalori 500 kwa siku atashuka kama nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha polepole zaidi. Apime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, mizani ileile. Asipime Jumatatu baada ya harusi: chumvi na wanga hushikilia maji, na kilo mbili za siku mbili si mafuta. Pamoja na mizani atumie tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wake. Wiki ambazo mizani imegoma, tepu mara nyingi inasogea.

Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze mpaka itulie. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide aongee na daktari kwanza, kwa sababu chakula kikipungua na mazoezi yakiongezeka huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka ghafla. Maumivu ya kifua ukiwa unatembea ni ya hospitali, si ya kuvumilia.

Atakayeshuka safari hii aandike ukutani namba moja: uzito aliofikia ukiongeza kilo 2. Mizani ikikaa juu ya hapo wiki mbili mfululizo, arudi kwenye wiki ya kwanza siku hiyohiyo, mafuta kwa kijiko, soda nje, kutembea siku tano, bila kusubiri Januari.

Wakufunzi wa mazoezi,
Dodoma