Yah: Malalamiko kuhusu stika za kabati la gemu na picha aliyoichora mwanangu mliyoikata

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uchapaji wa Mabango na Stika,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba barua hii ikufikie wewe mwenyewe, isiishie kwenye droo ya kaunta. Ujumbe wangu wa WhatsApp ulisomwa na haukujibiwa. Simu zangu zilipokelewa na kijana anayesema "bosi katoka" huku nikiisikia sauti ya bosi nyuma yake.

Oda ipo kwenye kitabu chenu: stika za kabati la gemu ninalolitengeneza nyumbani, lile la kusimama lenye kioo, fimbo na vitufe, na picha ya ubavuni ameichora mwanangu kwa mkono. Masharti yenu nayo mmeyabandika wenyewe ukutani: kazi haichapwi mpaka mteja asaini sampuli, na mali ya mteja inatunzwa mpaka atakapokuja kuichukua. Yote mawili mmeyavunja. Hilo la pili ndilo lililonikalisha niandike barua hii, maana nikija kwa mdomo sijui nitasema nini.

Msimamizi wenu wa kaunta alikata stika juu ya picha ya mwanangu. Aliilaza ile picha mezani kama ubao wa kukatia nyanya, akatandaza stika juu yake, akaweka rula ya chuma, akapitisha kisu. Binti yangu alimwambia kwa adabu, "Samahani mjomba, hiyo ni picha yangu." Msimamizi hakuinua hata macho. Alijibu: "Si tumeshaiskani? Karatasi tu hii."

Sasa tuje kwenye stika zenyewe.

Bango la juu la kabati niliagiza lichapwe kwenye filamu inayopitisha mwanga, ileile mnayowachapia wenye maduka ya dawa kwa ajili ya mabango yao ya taa. Nyuma yake nimeshafunga mkanda wa LED. Mlichonipa ni stika ya kawaida yenye gundi ya kijivu mgongoni, ambayo imetengenezwa makusudi ili kilicho nyuma kisionekane. Nimewasha taa, jina la gemu halisomeki, mwanga unatokea kwenye kingo tu. Bei niliyotozwa ni ya filamu.

Stika ya meza ya vitufe mmeipunguza. Faili nililileta kwa kipimo halisi na juu yake nimeandika kwa herufi nyekundu: USIPUNGUZE. Kijana wenu alilibana ili lienee kwenye kipande cha roli kilichobaki. Matundu ya vitufe nimeyatoboa mwenyewe kwenye mbao, milimita 30 kila moja. Ukiipanga stika, kitufe cha kwanza karibu na fimbo ya kuchezea kinakaa sawa. Cha pili kimeanza kuchepuka. Ukifika cha mwisho, upande wa mchezaji wa pili, duara la rangi liko nusu kidole pembeni ya tundu. Kama mngenionyesha sampuli nisaini, ningeliona hilo kwa rula tu na tusingefika hapa.

Na laminesheni, ile plastiki ya kufunika stika. Wino wa solventi unatakiwa uachwe upumue, kwa kawaida siku nzima, ndipo ufunikwe. Ninyi mnalijua hilo kuliko mimi, ndiyo kazi yenu. Stika zangu zilichapwa alasiri na kufunikwa jioni ileile, nilipozifungua nyumbani harufu ilikuwa bado inachoma pua. Sasa gundi imelegea na pembe zote zimejikunja.

Hizo ni za awamu ya pili, mlizorudia baada ya rangi za awamu ya kwanza kutoka zimepauka. Za awamu ya kwanza alikuja kuzibandika fundi wenu nyumbani kwangu, kwa ada ya ziada, na alibandika kavu. Nilimwekea chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo, akasema haihitajiki. Stika ya ubavu mzima wa kabati ikabandikwa kavu kutoka juu kwenda chini, viputo vikajaa. Badala ya kuipasha joto kwanza ili gundi ilainike, akaing'oa kwa nguvu. Ikaja na rangi, ikaja na praima (rangi ya msingi), na mbao ya MDF ikabaki wazi inatoa nyuzi. Ubavu ule niliupiga msasa, nikaupaka praima, nikaupiga msasa tena, mpaka ukawa unateleza kiganjani. Fundi wenu aliuangalia, akakusanya vifaa vyake, akasema nipige simu ofisini. Simu yenyewe nimeshaeleza inavyopokelewa.

Narudi kwenye kisu, maana siwezi kukipita.

Picha ile ilikuwa kwenu kwa sababu ninyi ndio mliotaka ibaki. Rangi za awamu ya kwanza zilitoka zimepauka, manjano haina nguvu, nyekundu imegeuka kahawia, na mkasema mwache picha halisi tulinganishe. Mwanangu ameichora kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga aliuanza mtindo huo hapahapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, na nguvu ya michoro hiyo iko kwenye rangi kali zilizokaa bega kwa bega bila kuchanganyika. Mwanangu alikaa likizo nzima akienda Morogoro Stores, Oysterbay, kuwatazama wachoraji wakiweka doa juu ya doa. Kisha akachora ubavu wa kabati letu kwenye karatasi ya manila: twiga amesimama kati, sungura anapita kati ya miguu yake, fisi nyuma. Picha hiyo ni moja tu. Mlichopata ninyi kwa kuiskani ni faili tu.

Siku hiyo palikuwa na foleni. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua kadi za harusi, vijana wawili walisubiri fulana. Wote waliona. Mkeka wa kijani wa kukatia ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya msimamizi. Angenyoosha mkono angeufikia. Hakunyoosha. Alichukua picha iliyokuwa mbele yake, akaifanya mkeka. Mwanangu aliposema "samahani mjomba", kisu kilikuwa kimepita mara moja tu, na pale pangekuwa na mtu mwenye kujali angesimama. Alimjibu "karatasi tu hii", akapitisha tena. Kisha akaikunja stika, akapuliza mabaki, akaisukuma picha pembeni kwa kiwiko. Mwanangu alipoiinua, shingo ya twiga ilifunguka. Mkato umeanzia chini ya taya, umeshuka mpaka kwa fisi. Pale kaunta hakulia. Alilia kwenye bajaji.

Nilipomuuliza msimamizi kama ameona alichofanya, alinijibu mbele ya watu walewale: "Mzee, hili ni sanduku la gemu. Nani atatazama ubavu?"

Naomba nilijibu hapa, kwa kuwa pale niliondoka kulinda heshima yangu. Ubavu ndio unaotazamwa kwanza. Kabati la gemu la Pac-Man lililouzwa Marekani tangu 1980 watu walilitambua kwa unjano wake kutoka mlangoni, kabla hawajaona kioo wala kusikia mlio. Anayetengeneza kabati nyumbani kompyuta ndogo ya ndani anainunua kama wenzake wote, na vitufe vivyo hivyo. Picha ndiyo inayofanya kabati liwe la nyumba hiyo. Kampuni inayoishi kwa kuchapa picha haikupaswa kufundishwa hilo na mteja.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 240,000 nilizolipa, pamoja na ada ya fundi. Mnilipe gharama ya praima, rangi na kazi ya kuurudisha ule ubavu. Mwanzoni nilifikiria kuwaomba mchape upya bure, lakini nimebadili mawazo: sitaki mguse tena kitu chochote cha mwanangu, nitachapisha kwingine na ankara nitawaletea ninyi mlipe. Na msimamizi aandike barua ya kumwomba radhi mwanangu, kwa jina lake mwenyewe na sahihi yake. Siyo barua ya kampuni yenye "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, aliufanya yeye.

Tena mpaka leo sijapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Niliambiwa mashine mbovu, nikaandikiwa kikaratasi cha mkono. Yule mama wa kadi za harusi naye aliondoka na kikaratasi cha mkono. Kikaratasi changu ninacho, nimekipiga picha.

Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, na suala la risiti litakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) siku hiyohiyo, halitasubiri. Baada ya hapo nitafungua madai mahakamani, na kielelezo cha kwanza kitakuwa picha yenyewe ilivyo, na mkato wake. Nimemkatalia mwanangu asiigundishe kwa sababu hiyo.

Nilikuja kwenu kwa sababu mnasifiwa mtaani kwa kazi safi. Wanaowasifu ninawajua, na wananiuliza kabati limefikia wapi. Mpaka sasa nimekuwa nikiwaambia bado linamaliziwa. Baada ya hizo siku 7 nitawaeleza kila kitu.

Wenu,
Mteja, mwenye kabati na mzazi wa mchoraji

Nakala (zitatumwa siku ya nane):
Tume ya Ushindani, Dar es Salaam
Mamlaka ya Mapato Tanzania