Anayelazwa si lazima awe anaumwa zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila inapotajwa afya ya akili ya vijana, la kwanza kudaiwa ni vitanda. Sipingi, wodi zimejaa kweli. Ila nimewauguza wagonjwa wa akili miaka 26 katika hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, na nilichokiona ni kwamba kijana anayeishia kitandani mara nyingi si yule anayeumwa kuliko wenzake. Ni yule aliyecheleweshwa.

Mvulana wa miaka 17, kidato cha tatu, aliletwa na bibi yake kwa bajaji saa nane mchana, mikono imefungwa nyuma kwa kanga. Fundo lilikaza mpaka vidole vikavimba. Nikaomba mkasi, bibi akanishika mkono: "Mwanangu usiikate, nimeiazima." Nikalichokonoa fundo kwa mpini wa kijiko, na yeye akawa anasimulia. Kijana alianza kusikia sauti miezi minane nyuma. Shuleni alichapwa kwa kusinzia darasani, kisha akasimamishwa masomo. Nyumbani wakaenda kwa mganga, mbuzi wawili wakaondoka. Yakafuata maombi ya siku saba. Alipovunja kioo cha gari la jirani ndipo hospitali ikakumbukwa. Ilibidi achomwe sindano ya kumtuliza, akakaa wodini wiki tano. Angeletwa mwezi ule wa kwanza, huenda angepewa vidonge na kadi ya kliniki, akalale kwao.

Hicho kioo nacho kina neno. Wavulana huletwa kwa sababu wanavunja vitu. Binti asiyekula, asiyeoga, anayeshinda amejikunyata jikoni, huyo husifiwa kuwa ametulia, au hutafutiwa mchumba. Naye hufika, lakini akiwa tayari amejaribu kujiua. Hapo sheria inaingia katikati ya nesi na mgonjwa, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Nimemsikia baba akisema bintiye "ameteleza bafuni", macho yake yako sakafuni. Anaogopa polisi. Jeraha linashonwa, mtoto anarudishwa nyumbani bila mtu kumuuliza lolote, na akiletwa tena huwa mahututi. Kwa wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao cha 226, cha kosa hilohilo, kinakiuka katiba. Chetu Bunge linaweza kukifuta likitaka.

Bangi imo, sikatai. Lakini wapo wengi walioanza kuivuta baada ya sauti kuanza, ili zinyamaze, na ndugu wakishaiona bangi hawatafuti ugonjwa tena.

Na anayekaa wodini muda mrefu kuliko wote? Ni yule asiye na wa kumchukua. Rufaa yetu ya mwisho ni Mirembe, Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili iliyokuwapo tangu 1927. Toka huku ni safari ndefu ya basi. Kijana anaweza kupata nafuu akangoja ndugu mpaka viatu alivyokuja navyo vimbane.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo darasa la wanafunzi 70 lina kumi. Wengi wao hawahitaji wodi hata kidogo. Wanahitaji mwalimu mmoja shuleni aliyefundishwa kwamba kusinzia, kujitenga na kushuka ghafla kwa alama si utovu wa nidhamu kila mara, na mwenye simu ya nesi wa kliniki. Kiboko hakiwezi kuliona hilo.

Nimalizie na dawa, maana vitanda vingi hujazwa na watu waliowahi kuvilalia. Yule kijana wa kanga alirudi baada ya miezi sita. Alikuwa anachomwa sindano ya kila mwezi. Zahanati ya kijijini ikaishiwa, akaambiwa aende wilayani. Wilayani wakamwambia akanunue nje, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko bei ya dawa yenyewe. Mwezi wa kwanza bibi aliuza kuku. Mwezi wa pili hakukuwa na kuku wa kuuza. Safari hii alikaa wodini wiki tisa. Kwenye faili, mahali pa sababu ya kulazwa tena, pameandikwa "mgonjwa hakufuata matibabu". Mwandiko ni wangu.

Muuguzi mstaafu,
Shinyanga