Anayejiangusha kabla ya mtihani si mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wanafunzi wanaojiwekea vikwazo wenyewe kabla ya mtihani, hasa sasa kidato cha nne wanapojiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba. Sisi walimu huwaita wavivu. Tunawakosea.

Nafundisha hisabati. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alikesha akitazama mpira usiku wa kuamkia jaribio, na asubuhi akatangaza darasa zima limsikie: "Mimi sijasoma kabisa." Akifeli, wa kulaumiwa ni usingizi, akili yake imesalimika. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, walionyesha kuwa hata aliyefaulu, kama hajui kafauluje, anaweza kujitafutia kikwazo kwa kuogopa kwamba hataweza tena. Hiyo ni shaka, na inamnyima kitu kitamu kuliko alama: ile hali ya kuzama katika swali mpaka kengele ikalia usiisikie. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyeichunguza hali hiyo kwa miaka mingi, alieleza kuwa huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu, naye akaona papo hapo kama anakwenda sawa. Anayewaza muda wote kama ataaibika atazamaje?

Naomba shule ziache kubandika ukutani nafasi za wanafunzi kwa kila jaribio la wiki. Mwalimu ampe kila mmoja maswali yanayopanda ugumu kidogo kidogo, na ayasahihishe palepale, kwenye dawati lake.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro