Kabla ya kuongeza gesi, kagua mashine ya nje

Mhariri,

Joto likianza kupamba moto hapa Dar es Salaam, kauli ni ileile: "AC haipoozi, fundi njoo uongeze gesi." Naye huja, huongeza, hulipwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, inavuja, na asiyetafuta inapovujia atarudi kukuuzia nyingine.

Tena mara nyingi gesi haina kosa. Mashine ya nje ndiyo inayotupa joto la chumbani. Ikizibwa na vumbi, au ikibanwa ukutani, presha hupanda, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, hula umeme mwingi na mwishowe hujizima.

Zima kwenye breka, si kwa rimoti tu, kisha tazama nyuma kwenye mapezi ya aluminiamu. Hewa huingilia huko, kwa hiyo uchafu hukaa upande wa nje. Fundi afungue kifuniko na kuosha kutoka ndani kwenda nje kwa maji ya presha ndogo. Pampu ya kuoshea magari hulaza mapezi, na yakilala hewa haipiti.

Kwa nyumba za Msasani au Kigamboni adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Suuza mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Ya kisima chenye chumvi yanaongeza balaa. Mapezi yakishakuwa unga mweupe na kumeguka ukiyagusa, hakuna kuosha kutakakoyaponya. Hiyo ni koili, yaani mabomba pamoja na mapezi yake, ya kubadilisha.

Kwenye nati za mabomba ya shaba, tafuta doa la mafuta lililonasa vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo yanapotokea ndipo inapovujia. Povu la sabuni, mashine ikiwa na presha, litathibitisha.

Kompresa ikinguruma kisha ikakata, au feni ikagoma kuanza, fundi apime kapasita, kifaa kinachotunza umeme wa kuwasha mota, kabla ya kuhukumu kompresa. Iliyoandikwa maikrofaradi 35 (kipimo cha uwezo wake), asilimia 5 juu au chini, ikisoma 28 imekwisha. Ni kifaa cha bei ndogo, ila hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Asiye fundi asikiguse.

Ikibidi kweli kuongeza gesi, soma aina yake kwenye kibandiko cha mashine: R22, R410A au R32. Hazichanganywi, wala presha ya moja si ya nyingine. R410A yenyewe ni mchanganyiko wa kiwandani, hivyo hujazwa ikiwa kimiminika ili uwiano wake usibadilike, na R32 inaweza kushika moto. Mashine iliyovuja hadi gesi ikaisha huzibwa, hunyonywa hewa kwa pampu ya vakyumu, ndipo hujazwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa. Fundi asiye na mizani anakisia.

Tunawaomba wateja wadai risiti inayotaja aina ya gesi, gramu zilizoingia na mahali palipozibwa. Risiti iliyoandikwa "gesi" peke yake isilipwe.

Mafundi wa viyoyozi,
Dar es Salaam