Barua ya wazi kwa dada yangu wa Clarkston: kukubaliwa chuoni ni swali dogo

Dada yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale mwanao wa mwisho alipokukatiza akidai chapati. Umeniuliza mambo mawili kana kwamba ni jambo moja: binti yako ana nafasi gani ya kukubaliwa Georgia Tech, chuo cha teknolojia cha jimbo letu, na ile barua ya chuo cha jimbo jirani inayomwahidi skolashipu ya dola 20,000 kwa mwaka, je, ni neema au ni chambo. Nakujibu hadharani kwa sababu kila mzazi kanisani ananiuliza hayohayo, na nimechoka kuyaeleza kwenye maegesho huku watu wanatafuta funguo za magari.

Hapa jimboni Georgia, Marekani, wanaoamua nani aingie chuoni na wanaoamua nani alipiwe ada ni watu tofauti, na kila mmoja ana vipimo vyake. Mtoto anaweza kufaulu kwa hawa akaanguka kwa wale. Lakini kuna swali la tatu ambalo sijaulizwa na mzazi yeyote, nalo ndilo ningependa ulale nalo usiku: akifika mwaka wa tatu, hiyo pesa itakuwa bado ipo?

Nianze na pesa. Skolashipu kubwa ya sifa hapa haitolewi na chuo, inatolewa na jimbo. Inaitwa HOPE. Ilianza 1993, Zell Miller akiwa gavana, na fedha zake zinatoka kwenye bahati nasibu, zile tiketi zinazouzwa pale kituo cha mafuta. Najua shemeji hataki hata kusikia habari za kamari, na sitabishana naye. Kinachonikera mimi ni kwamba wanaozikuna tiketi hizo kila Ijumaa ni watu wa mishahara kama yetu, wa kiwanda cha kuku na wa maghala, lakini watoto wa wenye nafuu nao wanasomeshwa nazo sawasawa. Mwanzoni kulikuwa na ukomo wa kipato, dola 66,000 kwa familia, na kufikia 1995 ukomo wenyewe ulikuwa umeshaondolewa. Basi kama mchango ni wetu, mtoto wetu naye apokee bila aibu.

HOPE inataka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 mtoto anapomaliza sekondari. Juu yake kuna Zell Miller Scholarship, iliyoundwa 2011 wakati HOPE yenyewe inapunguzwa makali. Hiyo inataka 3.7 pamoja na alama 1200 za SAT au 25 za ACT, ile mitihani ya kuombea chuo. Tangu 2023 HOPE imerudi kulipa ada yote ya masomo kwenye vyuo vya umma, kama Zell. Kwa hiyo usimkoseshe binti usingizi kwa ajili ya jina la Zell. Akiikosa akapata HOPE, ada ya UGA (Chuo Kikuu cha Georgia) au ya Tech italipwa vilevile. Ila mkumbuke ni ada ya masomo peke yake. Bweni, chakula, vitabu na zile ada ndogondogo za chuo ni juu yenu.

Sasa ile picha ya ripoti uliyonitumia, yenye 3.9. Hiyo ni GPA ya shule, na jimbo haliitumii. Georgia Student Finance Commission, tume ya jimbo inayosimamia HOPE, huchukua masomo ya msingi tu, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, sayansi ya jamii na lugha ya kigeni, kisha hupiga hesabu upya. Ile A ya kwaya, pamoja na sauti nzuri yote ile, haimo. Alama za ziada ambazo shule huongeza kwa masomo ya honors, yaani ya ngazi ya juu, zinafutwa. Kinachobaki ni nusu alama kwa masomo ya AP na ya IB, yaani ya sekondari yenye kiwango cha chuo, na yale ya chuo anayosoma akiwa sekondari, na aliyepata A haongezewi kitu kwa kuwa kilele ni 4.0. Pia lazima awe na krediti (kipimo cha uzito wa somo) nne kutoka kwenye orodha ya masomo mazito. Namba halisi iko kwenye akaunti yake ya GAfutures, tovuti ya jimbo. Ifungueni pamoja naye, na usishangae ukikuta 3.5 pale ulipotarajia 3.9.

Najua linauma, kwa sababu wewe na mimi tulikulia chini ya mtihani mmoja. Hata kambini Nyarugusu, Tanzania, ambako shule zetu zilifuata mtaala wa Kongo, mtu aliweza kuzubaa miaka mitano, akaamka mwaka wa sita, akapasi Examen d'État, mtihani wa taifa wa Kongo, kwa asilimia sitini na kitu, na hakuna aliyeuliza alikuwa wapi zamani. Huku hesabu inaanza darasa la tisa na kila muhula unabaki. Ile C ya aljebra aliyoipata mwaka wake wa kwanza hapa, alipokuwa bado anayatafuna maswali ya Kiingereza neno moja moja, inamfuata hadi leo. Mshauri wa shule hawezi kuifuta.

Kuhusu kukubaliwa nitakwenda haraka. Miaka ya karibuni Georgia Tech imekuwa ikipokea takriban mmoja kati ya watatu wa waombaji wa Georgia, na karibu mmoja kati ya kumi wa kutoka majimbo mengine ya Marekani. Kwa hiyo anwani yenu ya Clarkston ina uzito kuliko insha nyingi nzuri. Lakini mmoja kati ya watatu ni hesabu ya kundi, haimsemi mtoto wako. Wanaangalia kama alichukua masomo magumu yaliyopo shuleni kwake, hasa hisabati, na alama za SAT au ACT ni lazima. Anayehitimu wa kwanza au wa pili katika shule ya sekondari ya Georgia ana njia ya kuingia Tech moja kwa moja, shule ikiwa na wahitimu wasiopungua 50. Umesema binti ni wa nne, basi njia hiyo tuiache. UGA kule Athens nayo si mteremko, ingawa ina upana zaidi. Georgia State inapokea wengi, tena bila kujidai.

Na kuna barua itakayokuja Oktoba kutoka jimboni, ya Georgia Match, ikimpongeza na kumwambia anafaa kuingia vyuo fulani. Mpango huo ulianza 2023. Ni barua nzuri, lakini mama mmoja aliisoma kwa sauti mbele ya wageni akidhani binti yake ameshapata nafasi Tech. Wakati mpango unaanza, Tech, UGA na Georgia College hazikuwemo kabisa.

Sasa nije kwenye lile swali la tatu.

Kuipata HOPE kunahitaji 3.0 ya sekondari. Kuishika kunahitaji 3.0 ya chuo, na 3.0 ya chuo ni mnyama mwingine. Jimbo linakagua kila mwisho wa muhula wa majira ya kuchipua, na pia mwanafunzi anapotimiza krediti 30, 60 na 90 alizojaribu. Tazama hilo neno alizojaribu: somo aliloacha katikati halimo kwenye GPA, lakini krediti zake zinahesabiwa. Akianguka chini ya 3.0 anapoteza ada. Anaweza kuirudisha kwenye kituo kinachofuata cha krediti 30, 60 au 90 akipanda tena, lakini ni mara moja tu. Akianguka mara ya pili ndiyo basi. Zell inataka 3.3, na anayeteleza kutoka hapo akiwa bado na 3.0 anaangukia HOPE, hajaumia sana.

Sasa mpigie hesabu binti anayeanza uhandisi wa kompyuta Tech. Muhula wa kwanza ana krediti 15, ndani yake kuna Calculus na fizikia, na darasani amezungukwa na watoto ambao nao walikuwa bora shuleni kwao. Tuseme anapata 2.6, matokeo ya mtu mwenye akili aliyeshtushwa. Muhula wa pili, kwa krediti zilezile 15, anatakiwa apate 3.4 ili wastani ufike 3.0. Akikosa, mwaka wa pili bili ya ada inakuja nyumbani kwako, zaidi kidogo ya dola 10,000, mezani pale unapohesabia kodi ya nyumba.

Simwambii asiende Tech. Kuna msaada mmoja ambao wengi hawaujui: tangu 2017 jimbo linaongeza nusu alama, kwa hesabu ya HOPE tu, kwa aliyepata B, C au D katika masomo yaliyoorodheshwa ya sayansi, hisabati na uhandisi. C inakuwa 2.5. Hiyo imewaokoa wengi. Tena HOPE hailazimishi kusoma kwa mzigo mzima, inalipa kwa krediti, hadi jumla ya 127. Akianza na krediti 12 au 13 badala ya 15, hakuna atakayemcheka, na mimi ndivyo ningemshauri muhula wa kwanza. Lakini ninachotaka kuona kabla ya kushangilia ni alama yake ya AP Calculus mwaka ujao. Akiwa na B ya kweli pale, aende Tech kifua mbele. Akiwa na C aliyoipata kwa kazi za ziada za mwalimu mwenye huruma, ningependa aanzie Georgia State au UGA, ashike GPA yake, na akitaka kuhamia Tech baadaye, Tech inapokea wanafunzi wa kuhamia kutoka vyuo vingine vya jimbo. Watu wetu wanaona kuhamia ni kushindwa. Sijui tuliitoa wapi fikra hiyo, maana sisi wenyewe tumehama nchi ngapi.

Ile barua ya jimbo jirani nimeisoma mara mbili, hasa maandishi madogo ya chini. Chuo chenyewe kinasema gharama ya mwaka kwa mtu wa nje ya jimbo ni dola 52,000. Toa 20,000, zinabaki 32,000. Kwa miaka minne ni 128,000, ikiwa ada haitapanda, na itapanda, huku skolashipu ikibaki vilevile kwa sababu imeandikwa kwa kiasi maalumu cha dola. Na HOPE haivuki mpaka, ni ya vyuo vya Georgia. Usifikiri mkopo utaziba pengo. Kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kuu kwa wazazi, ule wa Parent PLUS, una kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa mtoto mmoja, na mkopo wa mwanafunzi mwenyewe mwaka wa kwanza ni 5,500. Jumlisha, hata hiyo 32,000 haifiki. Kwa mikopo hiyo peke yake, anayekopa mpaka mwisho wa kamba bado ana pengo la 6,500 mwaka wa kwanza, na hapo ndipo mikopo ya benki yenye riba ya kutisha inapoingia. Shemeji asitie saini chochote cha chuo hicho.

Linganisha na hapa. UGA kwa mkazi anayeishi bwenini ni kama dola 28,000 au 30,000 kwa mwaka. HOPE inatoa takriban 10,000. Kwa kipato chenu Pell Grant, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, inaweza kufika kilele chake, 7,395, na hiyo hairudishwi. Linabaki deni linalobebeka, si la kukimbiza mtu mjini. Georgia State akilala nyumbani ni nafuu zaidi: treni ya Blue Line kutoka Indian Creek inasimama kwenye kituo chenye jina la chuo, na Pell inaweza kubeba vitabu na nauli. Hata Perimeter College, iliyounganishwa na Georgia State 2016, ina kampasi hapohapo Clarkston. Najua hilo halipendezi kulitangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Wanaouliza "amechaguliwa wapi?" hawatachangia bili.

Maombi ayapeleke yote: Tech, UGA, Georgia State, na hata hicho cha jirani kama watamsamehe ada ya maombi, maana huenda wakaongeza dau. Tech na UGA tarehe zao za mapema ni katikati ya Oktoba, kwa hiyo insha ziwe zimekamilika kabla shule hazijafunguliwa Agosti. Fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa fedha wa serikali kuu, hufunguliwa Oktoba mosi, na baba yake lazima awe na akaunti yake mwenyewe, kwa jina lilivyoandikwa kwenye kadi ya Social Security. Lile kosa la herufi kwenye jina lake tangu tulipowasili, kashughulikieni mwezi huu. Agosti foleni itakuwa imejaa wazazi wengine.

Jumamosi nakuja na kompyuta. Binti awe na nywila ya GAfutures, na wewe uwe na ile barua pamoja na bahasha yake.

Mdogo wako