Risala ya klabu ya kemia kwa mgeni rasmi, siku ya maonesho ya sayansi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunashukuru umekuja, tena umekuja mwenyewe, maana tumeshazoea wawakilishi.

Historia tunaipitia mbiombio kwa sababu jua ni kali. Klabu ilianza na wanachama sita na ndoo mbili, leo ni ya pili kwa ubora wilayani (zilishindana klabu tatu lakini ya pili ni ya pili). Kazi yetu ni kuokoa asidi chakavu, ile ya kuoshea kutu kwenye vyuma, ambayo ikishachoka inakuwa ya kijani kwa chuma kilichoyeyukia humo na watu wanaimwaga mtaroni. Sisi theluthi mbili yake tunaitia haidrojeni peroksaidi mpaka igeuke kahawia, tunairudisha kwa ile theluthi iliyobaki, tunamwagia kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kidogokidogo na tope linakuwa jeusi tii. Ukipitisha sumaku ya spika mbovu chini ya bika tope lote linaifuata kama kifaranga na mama yake, utaona mezani.

Sasa tatizo, mgeni rasmi. Unga wa tope hilo likishakauka unavutwa na sumaku ila wenyewe hauvuti. Ili uwe sumaku kamili kama hiyo ya spika inabidi uchanganywe na kaboneti ya bariamu au stronshiamu, ugandamizwe halafu uchomwe kwenye joto la digrii 1,200 hivi, na sisi tuna jiko la mkaa. Tumejaribu mara nne tukaambulia matofali meusi yaliyopasuka. Wenzetu Wajapani, Kato na Takei, walianza na sumaku za jamii hii Tokyo mwaka 1930, hao walikuwa na tanuri bwana.

Tanuri la umeme tuliahidiwa hapahapa na mgeni rasmi wa mwaka juzi, watu wakapiga makofi mpaka turubai likatikisika, na sisi kwa imani tukachangishana tukamwaga zege la kuliwekea. Mwaka jana tukakumbushia, tukaambiwa lipo kwenye mchakato. Kwa sasa mama wa jikoni anaanikia dagaa pale na hatumlaumu, zege ni safi.

Kwa heshima zote hatuombi ahadi, hiyo tunayo tayari. Tunaomba tanuri moja, dogo tu, na fundi wa kutuvutia umeme wa fezi tatu. Hilo zege liko nyuma ya maabara, tutakupitisha ulione kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.