Umetuma ofa ya nyumba, na simu imenyamaza

Sisi tunasaidia wanunuzi wa nyumba hapa Nairobi, na wateja wengi wanaokuja kwetu hawatafuti nyumba, nyumba walishapata. Wanakuja kwa sababu walitaja bei, broka akasema "nimempelekea mwenyewe, ngoja kidogo", na hiyo kidogo sasa imeingia wiki ya tatu. Ukimpigia hashiki. Ukituma meseji unaona tiki za buluu halafu kimya, na huku landlodi wako wa Umoja anauliza kama unaendelea kukaa ama unahama.

Sasa hapa ndio watu hukasirika nasi kidogo, juu tunawaambia mara nyingi huyo mwenye nyumba hajakataa ofa yako, ni vile hawezi kujibu peke yake. Chukua zile nyumba za Buruburu. Mzee alinunua miaka ya sabini, ameaga, hati bado ina jina lake, watoto ni watano na mmoja yuko Marekani, na huyu anayekuonyesha vyumba ni kitinda mimba tu aliyeachiwa funguo. Kabla korti ithibitishe mirathi hakuna mtu hapo wa kukuuzia, hata akupende namna gani. Ama mwenyewe yuko hai lakini bibi hajaambiwa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, iko kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kwa hivyo jamaa anakuambia tu "nitakucheki Ijumaa" huku anatafuta siku mama ameamka vizuri. Na kuna mwenye bado ana mkopo, hati iko benki, lazima aulize kwanza deni limebaki ngapi ndio ajue kama bei yako inamtoa.

Halafu kuna wale wanakutumia tu. Ofa yako wanaizungusha kwa wanunuzi wengine, "nina mtu wa milioni 8.5, wewe uko na ngapi?" Broka akikuuliza kila siku kama unaweza kuongeza lakini hata kopi ya hati hajawahi kukuletea, huyo anafanya mnada na wewe hujui.

Kitu tunakataza kabisa ni kutuma pesa ya "kushikilia" kwa M-Pesa ya broka ndio ujibiwe haraka. Mkataba wa kuuza ardhi Kenya lazima uandikwe, usainiwe na pande zote na ushuhudiwe. Ile "imekubaliwa, hongera" ya WhatsApp haimfungi mtu, kesho akipata wa bei nzuri anauza na pesa yako utaanza kuifuata. Dipoziti ya kawaida ya asilimia 10 inalipwa mkataba ukisainiwa, na inapitia kwa wakili.

Sisi ofa tunaiandika, ukurasa mmoja tu, bei, kama ni kesh ama mkopo, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Hiyo tarehe watu huiogopa sana, wanafikiri muuzaji atakasirika, lakini mwenye anataka kuuza kweli hajali, na asipojibu ikipita uko huru kuangalia ingine Donholm ama South B bila kuangalia nyuma. Kama benki imekupa barua kwamba iko tayari kukukopesha tunaiambatanisha, juu wauzaji wengi hunyamazia ofa wakidhani ni maneno tu.

Na tukingoja hatukai bure. Tunafanya sachi kwa Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, tuone hati ina jina la nani na kama kuna kizuizi kimewekwa, tunauliza reti za kaunti, ile kodi ya ardhi, zimelipwa mpaka lini. Kuna wateja sachi ikirudi wanashukuru hawakujibiwa.

Tunalipwa kwa kazi hiyo, ununue usinunue. Ukikuja beba namba ya hati kama umepewa, zile meseji zote za broka, na kama mnanunua wawili mkuje wote wawili, tusianze kungojana sisi wenyewe.